Nani Aliyepiga Simu?

Hotuba hii, juu ya migomo ya waamuzi wa besiboli na watu wanaoitwa kuziba nafasi zao, niliitoa Jumapili, siku moja kabla ya Siku ya Wafanyakazi ya hapa Marekani, kwenye mkusanyiko wetu wa kila mwaka. Wengi walikuwa zamu wakashindwa kufika, wakaomba niiandike. Hii hapa, kama nilivyoisema.

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Na ambao hamkuitikia huku wala kule, habari za mchana.

Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Dada zangu mlioamka usiku kutupikia, Mungu awazidishie. Vijana mliosimama kule mlangoni, njooni mbele, viti bado vipo.

Nimeombwa niseme juu ya kazi, kwa kuwa kesho ni sikukuu ya wafanyakazi. Mimi si mwanasheria, wala sijawahi kuongoza chama chochote. Mchana nafua mashuka ya hospitali. Jioni na Jumamosi, msimu wa besiboli ukifika, navaa barakoa ya chuma, nafunga kifuko cha mipira kiunoni, nasimama nyuma ya mdakaji na kuamua mechi za watoto na za shule za sekondari. Nilianza kiangazi cha mwaka 1999. Basi nitasema juu ya kazi ninayoijua, na ninyi mtapima kama inawahusu.

Naanza na swali. Nani hapa hajawahi kupigiwa simu alfajiri na ajensi ya kazi? "Kuna nafasi leo, uko tayari?" Unauliza malipo. Unauliza ni wapi, na basi gani linafika huko. Unavaa viatu, unaondoka. Lakini ni nani kati yetu aliyewahi kuuliza: nafasi hiyo jana ilikuwa ya nani?

Hilo ndilo swali langu la leo, na nitalirudia mpaka mnichoke. Nani aliyepiga simu, na kwa nini ameipiga leo?

Kwanza niwaeleze mwamuzi anafanya nini, maana najua wengi wenu besiboli mnaipita kwenye televisheni mkitafuta mpira wa miguu.

Mrushaji anasimama mita 18 na kidogo kutoka kwa mpigaji. Katika Ligi Kuu ya besiboli ya hapa Marekani mpira unaweza kuja kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa. Unafika chini ya nusu sekunde. Katika nusu sekunde hiyo mwamuzi aone kama mpira umepita juu ya kibao, kati ya magoti na kifua cha mpigaji, au umepita pembeni. Halafu aseme kwa sauti, mbele ya watu elfu arobaini. Halafu mrusho mwingine, mamia ya mirusho kwa usiku mmoja.

Na kibao chenyewe ni kitu kidogo cha mpira mweupe, chenye pembe tano, kimelazwa ardhini. Kinaitwa nyumbani. Kikifunikwa na vumbi, mwamuzi anatoa brashi mfukoni na kukifuta. Sasa sikilizeni jambo hili, maana lilinigusa siku ya kwanza nilipofundishwa: mwamuzi hainami ovyo. Anazunguka mbele ya kibao, anawaelekea watazamaji waliokaa nyuma yake, ndipo anainama, ili asiwape watu makalio. Niliposikia hivyo nilimkumbuka bibi yangu Morogoro, aliyetufundisha namna ya kuinama kufagia uwanja wageni wakiwepo. Nikasema, hii kazi ina adabu. Hii kazi naiweza.

Kuna waamuzi wa kulipwa na kuna waamuzi wa ridhaa. Wa kulipwa kwa miaka mingi walipitia chuo cha waamuzi, Florida, mwezi Januari, kwa wiki tano hivi. Waliingia wengi, wakachaguliwa wachache. Waliochaguliwa wanapelekwa ligi ndogo, zile zilizo chini ya Ligi Kuu, wakianzia za chini kabisa, wawili wawili ndani ya gari moja, mji hadi mji, hoteli hadi hoteli. Ukibahatika, baada ya miaka saba, nane, kumi, unafika Ligi Kuu. Wengi hawafiki. Wanaambiwa tu siku moja kwamba msimu ujao hawatahitajika.

Wa ridhaa ndio sisi. Tuna kazi nyingine. Tunalipwa kidogo kwa mechi, wengine hawalipwi kabisa. Yale mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, Pennsylvania, ambako timu ya Lugazi ya Uganda ilifika mwaka 2012 ikiwa ya kwanza kutoka Afrika, waamuzi wake wote ni wa kujitolea.

Lugha yetu imetupa neno zuri kwa watu hawa. Ridhaa. Ngumi za ridhaa, mpira wa ridhaa. Na ridhaa maana yake ni nini? Ni kukubali kwa moyo wako mwenyewe bila kusukumwa. Mtu wa ridhaa ni mtu aliyesema ndiyo. Basi ndugu zangu, mimi nimekaa na neno hili miaka mingi, na limenisumbua: mtu akisema ndiyo na hajui amekubali nini, hiyo ni ridhaa?

Twende kwenye historia.

Mwaka 1968 kulikuwa na waamuzi wawili katika American League, moja ya ligi mbili zinazounda Ligi Kuu: Al Salerno na Bill Valentine. Waamuzi wa ligi ya pili, National League, walikuwa tayari na umoja wao, na hawa wawili wakataka wa kwao nao waungane. Septemba ya mwaka ule wote wawili wakafukuzwa. Rais wa ligi alisema ni kwa sababu hawajui kazi. Salerno alikuwa na misimu minane Ligi Kuu, Valentine sita. Miaka yote hiyo wanaijua kazi, wanaacha kuijua wiki ile ile waliyotaja chama? Hawakurudi tena Ligi Kuu. Kesi yao mbele ya bodi ya serikali ya masuala ya kazi hawakuishinda, lakini bodi hiyo hiyo iliamua, mwaka 1969, kwamba ina mamlaka juu ya besiboli. Mlango ukafunguliwa, na waliopita ni wengine.

Tarehe 3 Oktoba 1970 waamuzi wakagoma kwa mara ya kwanza, siku ya kwanza ya mechi za kuwania ubingwa wa ligi. Pale Pittsburgh wakasimama nje ya uwanja na mabango. Ndani, mechi ikachezwa na waamuzi walioletwa kutoka ligi ndogo. Mgomo ulidumu siku moja tu. Lakini siku hiyo moja wenye timu walijifunza kitu: kwamba ukipiga simu, kuna mtu ataipokea.

Mwaka 1979 ndio ninaotaka tukae nao.

Waamuzi wa Ligi Kuu walikuwa wamempata kiongozi mpya, mwanasheria wa Philadelphia aitwaye Richie Phillips. Walitaka mishahara ipande, na walitaka mapumziko katikati ya msimu, maana tangu masika hadi vuli walikuwa hawana hata wiki moja ya kukaa na watoto wao. Mchezaji nusu ya mechi zake anacheza nyumbani. Mwamuzi hana nyumbani. Kila mji kwake ni ugenini. Wakakataa kusaini mikataba, na msimu ukaanza mwezi wa Aprili wao wakiwa nje.

Nani aliyepiga simu? Wenye timu. Wakapiga katika kila mji wenye timu, wakawatafuta waamuzi wa ridhaa wa pale pale. Walimu wa shule, wauza bima, watu kama mimi. Watu waliozoea kuamua mechi za sekondari mbele ya wazazi mia mbili, sasa wamesimama mbele ya maelfu, wanarushiwa matusi na mabingwa. Na wengine wakaletwa kutoka ligi ndogo.

Nataka niwatetee kidogo hao wa ridhaa. Jiwekeni mahali pao. Umependa mchezo huu tangu ukiwa mtoto. Umesimama kwenye viwanja vya matope miaka kumi na tano kwa pesa ya petroli. Simu inalia: njoo usimame Ligi Kuu, kesho. Ungesema hapana? Mimi nisingesema hapana. Yeyote anayewahukumu watu hao bila kusikia mapigo ya moyo wao siku ile, hajawahi kupenda kitu.

Lakini upande wa pili pia ni watu. Mwamuzi wa kulipwa amekaa kwake Aprili nzima, mshahara hakuna, anawasha televisheni na kumwona mwingine amesimama mahali pake. Mahali alipopafikia kwa kulala kwenye magari miaka kumi. Na yule mwingine anatabasamu. Je, hasira yake ataielekeza kwa nani? Kwa mwenye timu ambaye hamuoni? Ataielekeza kwa huyu anayemwona. Ndivyo ilivyo mahali popote. Anayepiga simu haonekani. Anayeipokea ndiye anayeonekana.

Mgomo uliisha katikati ya Mei, na waamuzi wakashinda. Mishahara ikapanda, na wakapata wiki mbili za mapumziko katikati ya msimu. Wale wa ridhaa wakaambiwa asante, wakarudi kwenye mechi zao za shule. Ila wanane waliotoka ligi ndogo walipewa mikataba na kubaki Ligi Kuu.

Wanane. Na hapa ndipo kisa kinaponiuma.

Mmoja wao aliitwa Dave Pallone. Alikuwa ameteseka ligi ndogo tangu mapema miaka ya 1970, na simu ya 1979 ndiyo ilikuwa nafasi yake. Akaipokea. Waliorudi kutoka mgomoni walimwita msaliti, yeye na wenzake. Fikirini kazi ile: waamuzi wanne wanasafiri pamoja, wanavaa nguo chumba kimoja, wanakula pamoja miezi sita. Sasa mmoja kati ya hao wanne hasemeshwi. Anakula peke yake. Uwanjani kukitokea ubishi, mwamuzi hutarajia wenzake wasogee wamkinge na wachezaji wenye hasira. Huyu hana hakika kama watasogea.

Aliishi hivyo kwa misimu kumi. Tarehe 30 Aprili 1988, pale Cincinnati, alitoa uamuzi kwenye kituo cha kwanza, pale mpigaji anapokimbilia, akachelewa kidogo kuutoa, na meneja wa Cincinnati, Pete Rose, akatoka amewaka. Rose akamsukuma. Akafungiwa siku 30. Watazamaji wakaanza kurusha vitu uwanjani, Pallone akaondoka, mechi ikamalizika bila yeye. Sisemi Rose alimsukuma kwa ajili ya mgomo wa miaka tisa nyuma. Nasema tu kwamba mtu huyu alipoondoka uwanjani siku ile, naamini alikuwa amezoea kuondoka peke yake. Mwaka huo huo ukawa wa mwisho wake katika besiboli.

Wengine wa wale wanane walidumu zaidi. John Shulock aliamua hadi mwaka 2002, Derryl Cousins hadi 2012. Waamuzi wazuri, tena sana. Na bado kila walipotajwa, kuna mtu alikumbusha waliingiaje. Miaka thelathini na tatu mtu anasimama kazini, na bado anaitwa kwa siku ya kwanza.

Sasa nitajieni mwenye timu mmoja aliyetengwa kwa ajili ya mwaka 1979. Mmoja tu aliyekula peke yake. Nasubiri.

Nitapita haraka mwaka 1984. Mechi za kuwania ubingwa mwezi Oktoba, waamuzi wakagoma tena. Walichotaka, na hili nalipenda, ni kwamba fedha za mechi hizo kubwa zigawiwe waamuzi wote, pamoja na wasiochaguliwa kuziamua. Simu zikapigwa. Waamuzi wa kuziba nafasi, wengi wao wa mechi za vyuo, wakaamua mechi zote tatu za Detroit na Kansas City, na nne za kwanza za Chicago na San Diego. Kamishna mpya wa besiboli, Peter Ueberroth, akakubaliwa awe msuluhishi, na mechi ya tano ya San Diego ikaamuliwa na wenyewe. Watu wa ridhaa waliovuka mstari wa wagomaji wakapata mechi chache za kuwasimulia wajukuu.

Lakini mwaka 1995 siupiti haraka, kwa sababu ya aibu yake.

Agosti 1994 wachezaji waligoma. Mgomo mkubwa, hata fainali ya mwaka ule haikuchezwa. Majira ya baridi wenye timu wakapiga simu, wakakusanya wachezaji wa kuziba nafasi, na wachezaji halisi walilia, na walikuwa na haki ya kulia: mnatuletea watu wa kutuvunja! Machi 1995 jaji wa New York, Sonia Sotomayor, ambaye leo yuko Mahakama ya Juu, akatoa amri dhidi ya wenye timu, na wachezaji wakarudi. Furaha. Msimu ukaanza Aprili 25.

Na waamuzi je? Waamuzi walikuwa wamefungiwa nje tangu Januari 1. Hawakugoma, walifungiwa mlango. Na wachezaji wale wale, waliokuwa wameteseka kwa kuletewa watu wa kuziba nafasi zao, waliingia uwanjani na kucheza mbele ya waamuzi wa kuziba nafasi. Siku ya kwanza, siku ya pili, mpaka mwanzoni mwa Mei waamuzi walipopata mkataba.

Hakuna hata timu moja iliyosema, sisi tunawasubiri hawa. Ndugu zangu, hilo linaniumiza kuliko yote. Maana hao walijua. Walikuwa bado wana kidonda kibichi.

Na sisi je? Wauguzi wasaidizi wakisimama nje ya jengo na mabango, sisi wa kufua tunaingia kwa mlango gani? Najiuliza mimi kwanza.

Sasa nitasema jambo ambalo baadhi ya waamuzi wenzangu hawalipendi. Waamuzi wa kulipwa nao walikosa, tena vibaya.

Mwaka 1999, kiangazi kile nilichoanza mimi, mkataba wao uliwakataza kugoma. Richie Phillips akaja na mbinu: tusigome, tujiuzulu. Wote kwa pamoja, kuanzia Septemba 2. Tarehe 14 Julai wakapiga kura, na waamuzi 57 kati ya 68 wakaandika barua. Waliamini hakuna anayeweza kuziba nafasi zao. Waliamini hivyo! Baada ya 1970, baada ya 1979, baada ya 1984, baada ya 1995. Ofisa wa besiboli, Sandy Alderson, alijibu kwamba barua hizo ama ni tishio la kupuuzwa, ama ni ofa ya kupokelewa. Wakazipokea. Wakawaajiri waamuzi 25 kutoka ligi ndogo.

Mnaelewa kilichotokea? Waamuzi wakubwa miaka yote walikuwa wamejijengea ukuta. Vijana wa ligi ndogo hawakuwa na chama, na wakubwa hawakuwajengea. Waliwaona chuoni, wengine waliwafundisha wenyewe kusimama na kuinua mkono, kisha wakapanda juu na kuvuta ngazi. Simu ilipolia ligi ndogo, kijana aliyekuwa akilala kwenye gari alidaiwa nini na watu hao? Uaminifu gani?

Waamuzi wakagawanyika, wengi wakakimbilia kuondoa barua zao. Waliochelewa, 22, wakapoteza kazi. Chama kikavunjwa kwa kura, 57 kwa 35, na kipya kikaundwa. Mwaka 2001 mwamuzi wa usuluhishi akaamuru tisa warudishwe. Joe West alirudi, na mpaka anastaafu alikuwa ameamua mechi 5,460 kwa jumla, nyingi kuliko mwamuzi yeyote katika historia ya Ligi Kuu. Eric Gregg hakurudi. Gregg alikuwa mtoto wa maskini wa Philadelphia, miongoni mwa waamuzi weusi wa mwanzo kabisa Ligi Kuu, mtu mnene, mcheshi, aliyependwa na watoto. Alimfuata kiongozi wake, akaandika barua, akabaki nje. Alifariki Juni 2006, akiwa na miaka 55.

Mwezi ule wa Juni 2006 naukumbuka kwa sababu nyingine pia, na sasa nafika kwangu.

Baada ya 1999, vijana wa ligi ndogo walianzisha chama chao wenyewe. Mwaka 2006 wakagoma. Mshahara wao ulikuwa kati ya dola 1,800 na 3,400 kwa mwezi, na miezi yenyewe ni ya msimu tu. Nyongeza haikuwepo kwa miaka. Msimu ukaanza Aprili, wao wakabaki nje.

Simu yangu ililia Jumanne, nikiwa nakunja mashuka. Timu ya ligi ndogo, sitaitaja. Mtu mwenye sauti nzuri, akaniita bwana. Usiku mbili, malipo haya, maegesho bure. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza. Sikumwuliza chochote. Jioni nikampigia mama yangu Morogoro kumwambia mwanao anaingia uwanja wa watu waliolipa tiketi.

Getini walikuwepo vijana wanne na mabango. Mmoja nilimjua. Mwaka uliotangulia, kwenye semina ya wikiendi, kijana huyu wa miaka ishirini na kitu alinifundisha mimi mtu mzima, mikono yake imenishika mabega, namna ya kusogea hatua nusu kushoto ili niuone mpira vizuri. Alinifundisha pia kupaka viatu rangi kabla ya kila mechi. Aliniambia, kocha akitoka kubishana nawe, kitu cha kwanza atakachokitazama ni viatu vyako.

Nilipita. Hakunitukana. Wenzake walisema maneno, yeye hakusema. Alinitazama viatu. Vilikuwa vinang'aa.

Niliamua usiku mbili. Nilisimama hatua nusu kushoto, kama alivyonifundisha. Sikukosea sana. Na sikufurahi hata dakika moja, ingawa mama alikuwa ameshawaambia majirani.

Tarehe 26 Aprili, uwanja wa Pawtucket, Rhode Island, mwamuzi wa kuziba nafasi aliamua kwamba zamu ya kupiga imekwisha kwa mpigaji wa Durham, kijana wa miaka 20 aitwaye Delmon Young. Young akasimama akimkodolea macho, akafukuzwa mchezoni, akageuka akienda zake, kisha akamrushia gongo. Likampiga. Alifungiwa mechi 50. Niliiona picha ile mara nyingi sana: gongo linazunguka hewani, na mtu amesimama, hajui. Walipopiga simu tena kuniita usiku wa tatu, nikasema hapana. Ningependa kuwaambia kwamba nilikataa kwa ajili ya vijana wa getini. Nilikataa kwa sababu niliogopa gongo. Huo ndio ukweli, na nimesimama hapa niwaambie ukweli.

Mgomo uliisha Juni. Walichopata kwenye mshahara ni nyongeza ya dola 100 kwa mwezi.

Miaka minne ikapita. Jumamosi moja nikapangiwa mechi ya watoto wa miaka kumi na miwili, waamuzi wawili. Nafika maegesho, mwenzangu yuko nyuma ya gari lake, mguu mmoja juu ya bampa, anapaka kiatu rangi. Alikuwa yeye. Ligi ndogo walikuwa wamemwambia hahitajiki tena, amerudi kwao, anafundisha hesabu shuleni. Sasa ni wa ridhaa, kama mimi.

Tukasalimiana. Nikatafuta maneno niliyoyatunza miaka minne, sikuyapata. Yeye akaendelea na kiatu, kisha bila kuinua uso akauliza, "Usiku ule walikulipa kiasi gani?"

Nikamtajia.

Akanyamaza. Nikaona midomo yake inahesabu: mshahara wake wa mwezi wa wakati ule, gawanya kwa mechi za mwezi. Akaurudisha mkebe wa rangi kwenye mkoba, akafunga buti la gari.

"Walikulipa kunizidi," akasema.

Halafu akachukua barakoa, akaenda kwenye kibao. Kilikuwa kimejaa vumbi. Akazunguka mbele, akawaelekea wazazi waliokaa kwenye viti vyao vya kukunja, akainama, akakifuta.